Fox 35, dizeli ndogo au umeme: ipi kwa ndege ya nyaya hapa Mwanza?

JiweLaBwiru

Wakuu habari za jioni. Wazee shikamooni.

Baba mkubwa wangu alikuwa fundi karakana ya meli hapa Mwanza South, tangu kabla ya Uhuru mpaka anastaafu. Ametutoka mwaka juzi. Wiki iliyopita ndugu tulikaa kugawana vitu vyake, wanawe wakanisogezea sanduku la bati lililokuwa juu ya kabati: "Wewe ndiye mwenye ugonjwa wa vyuma." Ndani, chini ya magazeti yaliyogeuka rangi ya chai, nimekuta injini tatu za ndege za mfano, kila moja imevishwa soksi yake.

Ya kwanza ni Fox 35 Stunt ya Marekani (hiyo 35 ni ukubwa wa injini, yaani inchi za ujazo 0.35). Imeganda, propela haisogei hata kidogo. Ya pili ni DC Sabre ya cc 1.49, dizeli, imetengenezwa kisiwa cha Isle of Man. Hii inazunguka kwa kunata, na kijiti cha kukazia kompreshi pale juu kimepinda. Ya tatu ni McCoy 35 yenye kichwa chekundu. Inazunguka kwa raha zote, tatizo ni kwamba kompreshi haina kabisa, ukiizungusha ni kama kuzungusha feni.

Kwa wasiojua, ndege ya nyaya haina redio. Unasimama katikati ya uwanja umeshika mpini wenye nyaya mbili zinazoingia kwenye bawa. Ukikunja kiwiko juu, kibao cha mkia kinapanda na ndege inapanda. Ukishusha, inashuka. Ndege inakuzunguka kama mbuzi kwenye kigingi. Nilikuwa na miaka saba nilipomwona baba mkubwa anairusha uwanja wa shule hapa Bwiru. Ilimzunguka mara kadhaa, halafu akaipandisha ikapita juu ya kichwa chake na kushuka upande wa pili ikiwa chali, matairi yanaangalia mawingu. Sikulala siku ile.

Sasa naomba ulinganisho. Nifufue Fox? Nifufue dizeli? Au niziweke kabatini kama kumbukumbu, ninunue mota ya umeme? Nipeni hali halisi ya hapa kwetu, ya YouTube nimeshaangalia.

Kijiwe_Mabatini

Mkuu hiyo iliyoganda nitupie mimi. Naloweka kwenye kostiki usiku mmoja, asubuhi inang'aa kama sufuria ya harusi. Kesi imeisha.

MkerezajiIgogo

Marahaba kijana. Kabla ya yote, usimpe huyu bwana.

Kostiki soda inakula aluminiamu. Ukiitumbukiza humo utaona mapovu, utadhani uchafu unatoka, kumbe ndiyo injini yenyewe inatoka. Asubuhi utakuta silinda ya chuma imekaa salama ndani ya uji wa kijivu. Dawa za kusafishia oveni ni ndugu zake, nazo ziache.

Nimeikuza picha yako. Ile rangi ya asali iliyokauka kwenye mapezi ni mafuta ya mbarika. Injini hizi hazina oili yake pembeni kama gari, oili inachanganywa kwenye mafuta, na kwa miaka mingi oili hiyo ilikuwa mbarika. Mbarika inalinda chuma kuliko unavyodhani, ila ikipata joto na ikakaa miaka inageuka vanishi. Kwa hiyo Fox yako haijanoki. Imegundishwa tu.

Nenda duka la vipuri ununue kulanti halisi, ile nzito ya ethylene glycol isiyochanganywa maji. Yale maji ya kijani ya mitaani hayafai. Toa kichwa na kifuniko cha nyuma kama skrubu zinakubali. Zikikataa usilazimishe, tia injini nzima. Weka kwenye chupa ya jam, mimina kulanti mpaka ifunike, kisha iketishe chupa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole. Kulanti yenyewe isiguse moto. Fanyia nje. Iache humo kwa muda wa saa nne mpaka sita. Ukitoa, suuza kwa maji ya moto, piga mswaki, kausha upesi na umwagie mafuta mepesi ya mashine hapo hapo. Ukienda kunywa chai kwanza, shafti itashika kutu wakati unakoroga sukari.

Kulanti ni sumu na ina utamu, kwa hiyo paka, kuku na watoto wakae mbali. Na sufuria hiyo isirudi jikoni. Mimi niliirudisha. Sitasimulia yaliyofuata, ila siku hizi nina sufuria yangu peke yangu.

Kichwa chekundu cha McCoy usikichemshe, rangi itapauka. Na kwenye hiyo Fox nisisikie koleo kwenye shafti, wala bisibisi kupitia tundu la eksozi kuisukuma pistoni. Mwaka 1983 niliisukuma moja hivyo. Alama iliyobaki kwenye pistoni ni nyembamba kama unywele, na kompreshi yote ilipitia pale pale.

McCoy iache. Chuma cha pistoni yake ni laini, na ikishakuwa nyepesi namna hiyo imemaliza safari. Itakufaa kwa skrubu.

Kijiwe_Mabatini

Mzee nimenyoosha mikono 😂 Ila kabureta za boda nitaendelea nazo.

MkerezajiIgogo

Ndiyo maana zinarudi kila mwezi.

Rota_Nyamagana

Mzee shikamoo. Kaka Jiwe pole na msiba. Naheshimu chuma, lakini hamjauliza swali la kwanza. Mafuta yatatoka wapi?

Fox ni injini ya plagi ya waya. Unaupasha waya moto kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, kisha unachomoa betri na waya unabaki mwekundu wenyewe. Unabaki mwekundu kwa sababu ni wa platinamu, na mvuke wa methanoli ukiigusa platinamu unazaa joto. Lazima iwe methanoli. Spiriti ya dukani sehemu kubwa ni ethanoli, haifanyi kazi hiyo sawasawa. Plagi yenyewe ina uzi wake wa skrubu, robo inchi kwa nyuzi 32, kwa hiyo msidanganywe na hita plagi ya Land Cruiser.

Methanoli ni kemikali ya kuuziwa na mwenye leseni, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ofisi ya kanda ipo hapa hapa Mwanza, ukiuliza unaelekezwa. Ni sumu ya kupofua macho, na ikiwaka mchana moto wake huuoni. Unaona tu nywele za mkono zinajikunja.

Dizeli ndogo inataka etha. Hiyo iko kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali zinazodhibitiwa kwa sababu ya watengeneza dawa za kulevya. Kila la heri kueleza kwamba unaitaka kwa ajili ya kidege.

Umeme unauchaji nyumbani. Kwa ndege ya saizi ya Fox unahitaji mota ya wati 400 hadi 500, betri ya seli nne kama mAh 2,700, na taima inayozima baada ya dakika tano na nusu. Kidhibiti kinashikilia mizunguko ile ile, ndege iwe inapanda au inashuka. Hakuna kuchezea sindano ya kupimia mafuta, hakuna mafuta kwenye shati. Na kwa mwinuko wa hapa mota haikosi pumzi, kwa sababu haipumui.

Mimi nimo kwenye droni tangu lile Lake Victoria Challenge la 2018, waliporusha kutoka Mwanza kwenda kisiwa cha Juma. Sisemi kwa kusoma. Ubaya wa umeme nao nausema: hela inakutoka kwa mkupuo, na betri ukiisahau ndani ya gari lililoanikwa juani inavimba kama andazi.

JiweLaBwiru

Dada Rota, hoja zako nimezipokea zote. Shida ni kwamba mota haitanuka mbarika.

Hilo la mwinuko mnifafanulie. Linapunguza nguvu kiasi gani?

MnyanzaUghaibuni

Salaam kutoka Uingereza. Mzaliwa wa Nansio, huku niko na klabu ya wazee wa ndege za nyaya, mimi ndiye kijana na nina miaka 51.

Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo kanieneo ya hewa imepungua karibu asilimia 12, na joto la mchana linaongeza upungufu mwingine juu yake. Injini inayovuta hewa inapungukiwa kwa kiasi kama hicho. Chukulia kwamba Fox 35 yako, ikifika Mwanza, ni 30 ya Dar es Salaam. Sindano utaifunga zaidi kidogo kuliko mtu wa pwani, kwa sababu hewa ndogo inataka mafuta madogo. Bawa nalo linabeba hewa ile ile nyembamba, hapo umeme haukuokoi. Dawa ni kujenga ndege nyepesi.

Watu wengi huku bado wanaipenda Fox, na sababu ni sauti yake. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1940, miaka michache baada ya Jim Walker kuzisambaza ndege za nyaya Marekani, na muda mfupi baada ya Ray Arden kuleta plagi ya waya mwaka 1947. Kabla ya hapo ndege ilibeba koili na betri za kuwashia, mzigo mtupu. Fox ukiitega vizuri, ikienda usawa inanguruma kwa uzito, inashika moto mzunguko mmoja na kuruka mmoja. Ukiipandisha inabadilika sauti, inalia kwa ukali, inashika kila mzunguko na kuongeza nguvu. Ikirudi usawa inatulia. Hakuna kompyuta wala taima, ni sindano na tangi tu. Ndege inaongeza gesi yenyewe pale inapoihitaji. Watu wa umeme wamehangaika miaka kuiga kitu hicho.

Ina kilema chake kinachojulikana, kwenye kona kali inaweza kukohoa mara moja. Wakongwe hubandika kipande chembamba cha kijiti kwenye njia ya kupandishia mchanganyiko wa hewa na mafuta ili kupunguza nafasi. Hilo ni la baadaye, kwanza iwake.

Upande wa ndege, ramani tatu zinakufaa. Nobler ya George Aldrich, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ina bawa la sentimita 127 lenye flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa, zinazocheza pamoja na kibao cha mkia. Flapu zikishuka mkia unapanda, ndege inageuka kwenye kona bila kuteleza. Ilibadilisha mchezo, na ilijengwa kwa ajili ya Fox. Lakini mbavu zake ni nyingi na kila kosa linaonekana. Ringmaster ni ya sentimita 107, haina flapu, mwili wake ni ubao mmoja, wikendi nne umemaliza. Peacemaker, ya Aldrich huyo huyo, ni ya dizeli za cc 2.5 kwenda juu, kwa Sabre yako itakuwa kubwa. Sabre itakaa kwenye ndege ya sentimita 75 hivi.

Mdogo wangu, jenga Ringmaster. Ya kwanza utaivunja. Ukivunja Nobler utalia.

NyuziKirumba

Mada imenikuta kwenye kaunta. Nauza nyuzi na ndoano hapa Kirumba karibu na mwalo, kwa hiyo la nyaya niachieni.

Wenye mchezo wao wanatumia waya wa chuma kisichoshika kutu, uliosokotwa, wa milimita 0.38 kwa injini za 35. Hapa sijauona ukiuzwa. Kuna wateja waliniuliza wakajaribu vitu vitatu.

Nailoni ya sangara, ile ya uzi mmoja, inavutika. Unakunja mkono, uzi unarefuka kwanza, ndege inapata habari baadaye. Mteja alishuka nayo moja kwa moja kwenye mahindi. Waya wa breki ya baiskeli hauvutiki, lakini mita 18 mara mbili ni mzigo na unakamata upepo. Uzi uliosukwa wa polyethylini, ule wa bei, ndio unaokaribia. Haunyooki, ni mwepesi, haupindi vifundo kama chuma. Ubaya wake ni mbili: ukigusa eksozi unayeyuka, na fundo la kawaida linateleza. Zungusha mara sita, pitisha gundi, kisha vuta.

Kupima ni kazi rahisi. Kanuni yao ni nyaya, mpini na ndege vyote vistahimili mvuto wa mara kumi ya uzito wa ndege. Ndege ya gramu 450 ni kilo 4.5. Ndoo ya lita 10 iliyojaa nusu ni kilo 5, itundike kwenye mpini, shikilia ndege mahali pa injini, hesabu mpaka thelathini. Ringmaster ya kilo 1.2 ni ndoo nzima na zaidi. Nyuzi zote mbili ziwe urefu sawa sawia, zipime zikiwa zimevutwa.

Na hili nasema kwa herufi kubwa: USIRUSHE KARIBU NA NGUZO ZA UMEME. Waya wa chuma mkononi, umeme wa TANESCO juu, wewe katikati. Uzi nao ukilowa umande usiuamini. Mimi kama kuna nguzo ndani ya mita 50 naondoka uwanjani, na wingu la radi likitokea upande wa Ukerewe nakunja vitu.

Kijiwe_Mabatini

Sasa ndege yenyewe? Boksi za TV zina stairofomu ya bure kila duka.

Rota_Nyamagana

Kwa bawa inafaa sana, unakata kwa waya wa moto. Ila usiguse na super glue, inayeyuka, na petroli hivyo hivyo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, juu yake uvishe kitambaa cha bitana cha mafundi cherehani, kile chembamba kabisa.

NyuziKirumba

Balsa ya kuagiza ni ghali, lakini ziwa lina balsa yake. Ule mti wenye miiba na maua ya njano unaosimama majini pembeni ya matete, wazee walikuwa wanakata maboya ya nyavu kutoka humo. Ukiukausha kivulini unaubeba kwa kidole. Unafaa ncha za mabawa na vijazio. Mahali pa kubeba mzigo weka msonobari usio na vifundo, wa Rubya kule Ukerewe unafika hapa, na injini ikae juu ya mninga. Stairofomu ikibeba injini yenyewe, injini itaondoka na ndege itabaki.

MkerezajiIgogo

Na rangi. Msinyunyizie ile sanding sila ya maseremala mkadhani mmemaliza. Methanoli inaiyeyusha, baada ya kurusha mara mbili pua ya ndege inanata kama peremende iliyolambwa. Maliza na rangi ya magari ya kuchanganya na hadina.

Kuhusu dizeli nakubaliana na binti Rota, kwa masikitiko. Sabre ni injini tamu. Haina plagi, haina betri, unakaza kompreshi juu, unapiga propela, inawaka kwa kubanwa tu. Mafuta yake ya zamani ni theluthi etha, theluthi mafuta ya taa, theluthi mbarika. Mbarika na mafuta ya taa hawapatani, ukiwaweka pamoja wanatengana. Etha ndiye mshenga. Bila mshenga hakuna ndoa, na mshenga huyu anataka kibali. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa la jirani. Siwezi kumshauri kijana akae nayo chumbani.

Isafishe Sabre, ipake mafuta, irudishe kwenye soksi yake. Ukiizungusha ukahisi imegota ghafla, kuna majimaji juu ya pistoni. Legeza kompreshi, usilazimishe, utapinda konrodi.

MamaMbarika_Magu

Hamjambo wanangu. Mwanangu mdogo ndiye kanionyesha huu uzi kwa sababu ya jina langu.

Mbarika nakamua. Mbegu tunakaanga, tunatwanga, tunachemsha na maji, mafuta yanaelea tunaengua. Kwa nywele na ngozi hayo yanatosha. Kwa mashine yenu nadhani maji ndiyo adui, kwa hiyo mrudishe motoni taratibu mpaka ile sauti ya kutatarika iishe kabisa. Ikinyamaza, maji yamekwisha. Chuja mara mbili kwa kanga kuukuu, acha yatulie wiki mbili, mimina ya juu. Ya chini nileteeni mimi. Mashudu msiwape kuku, yana sumu.

MkerezajiIgogo

Mama umenena kama mhandisi. Nyongeza moja: kuna wauzaji wanaopiga mbarika na alizeti. Mimina mbarika kidogo kwenye methanoli, tikisa. Mbarika safi inayeyuka yote, kioo. Alizeti inajitenga, unaona tabaka mbili. Muuzaji hatakuwa na la kusema.

JiweLaBwiru

Wabeja sana wote. Ngoja niingie kazini, nitaleta mrejesho.

JiweLaBwiru (wiki tisa baadaye)

Mrejesho.

Kulanti, saa nne na nusu, sufuria nimenunua mpya kwa hekima ya mzee. Nilipoitoa ilikuwa bado imegoma. Nikairudisha saa mbili nyingine. Safari hii nikaishika ikiwa ya moto kwa kitambaa, nikajaribu propela kwa vidole viwili, ikasogea kama kifuniko cha asali. Robo. Nusu. Halafu ikafika juu, ikagoma kidogo, ikapita, na tundu la eksozi likatoa "pwii". Kompreshi imejaa. Pistoni ndani haina mchubuko hata mmoja, nimeangalia kwa tochi. Baba mkubwa aliihifadhi na mbarika yake ndani, na ndiyo iliyoiokoa.

Methanoli nimepata lita tano kwa muuzaji mwenye leseni, nikajaza karatasi zake. Muuzaji wa kwanza niliyemwendea, simtaji, alinipa kitu kisichokubaliana na mbarika hata kwa kutikisa. Mchanganyiko wangu ni mililita 720 za methanoli kwa 280 za mbarika ya Mama, nitro, ile kemikali ya kuongeza nguvu, sijatia. Plagi niliagizia kwa mtu anayekuja kutoka nje, zilichukua mwezi. Betri ni ile kubwa ya tochi.

Tangi amenichongea Kijiwe kutoka kopo la maziwa ya unga, na hapa nampa heshima zake. Upande wa nje amelipa umbo la kabari, bomba la kunyonya limeishia pale kwenye ncha, kwa sababu ndege ikizunguka mafuta yote yanatupwa nje. Solda yake haivuji.

Niliikaza kwenye gogo la mninga nyuma ya nyumba. Iliwaka piga ya kumi na nne. Mke wangu alitoka akidhani ni jenereta, akakuta moshi mweupe na mimi nimekaa chini nacheka. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba mkubwa, akapiga hodi kuuliza nani amefufuka, yaani ile sauti alikuwa anaijua.

Ndege ni Ringmaster, bawa la stairofomu na bitana, kilo moja na gramu 80. Nyuzi za Kirumba, mita 18. Uwanja ulitutesa. Hapa mjini ukipata tambarare kuna jiwe katikati, ukipata pasipo na jiwe kuna nguzo, na upande wa Ilemela kuna uwanja wa ndege wa ukweli, huko hatukuthubutu. Mwisho mwenyekiti wa mtaa mmoja upande wa Kisesa akaturuhusu kutumia malisho. Tulifika saa 12 na nusu asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka.

Niliweka mafuta kidogo makusudi. Watoto walihesabu mizunguko 19. Huo mvuto sikuutegemea, ni kama kushika kamba ya ndama anayetaka kukimbia, kilo tatu na kitu muda wote. Mzunguko wa tano kichwa kilianza kuzunguka nacho, nikakumbuka ushauri wa kuangalia ndege yenyewe na kuacha kuangalia vitu vilivyo nyuma yake. Sikupiga tanzi lolote. Nilipandisha kidogo mara mbili, na mara zote mbili sauti ikabadilika kama alivyosema ndugu wa Ughaibuni, ikalia, ikashuka, ikatulia. Mafuta yakaisha, ikatua kwenye nyasi, ikapiga pua. Propela imekatika na fimbo ya mkia imepinda. Basi.

MnyanzaUghaibuni

Hongera mdogo wangu! Ukifika kuirusha chali, sikiliza. Ikienda kasi zaidi ikiwa chali kuliko ikiwa sawa, shusha tangi milimita mbili. Ikienda polepole zaidi, pandisha.

Rota_Nyamagana

Hongera kaka. Na mimi nimejenga, usidhani nilikuwa nasubiri. Bawa lile lile, mota ya umeme, kilo moja na gramu 190. Jumamosi nakuja nayo Kisesa tuzirushe kwa zamu, uwanja mmoja, nyuzi zile zile, tuone ya nani inanyooka vizuri.

Kijiwe_Mabatini

Mimi nahesabu mizunguko. Na McCoy niachieni, nina wazo.

MkerezajiIgogo

Wazo hilo lina kostiki?

JiweLaBwiru

😂😂 Jumamosi saa 12 na nusu. Mama Mbarika, naomba lita mbili nyingine.

MamaMbarika_Magu

Njoo na kopo lako. Lile la kwanza hujanirudishia.